Mawe ya msituni hayana huruma, lakini baiskeli usiiuze

JUMATATU moja asubuhi aliletwa kwangu mhasibu wa miaka 41, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa amezirai ofisini alipoinuka kitini kwenda kuchukua faili. Uso ulikuwa umempauka, jasho jembamba likimtoka kwenye paji, na moyo wake ulikuwa ukipiga mara 124 kwa dakika. Nilipomuuliza anaumwa wapi, alinionyesha bega la kushoto. Nililigeuza bega hilo huku na huko, likazunguka bila taabu yoyote. Lilikuwa bega zima kabisa.

Ni mkewe aliyetoboa siri. "Daktari, Jumamosi alianguka na baiskeli huko msituni. Tangu siku hiyo ananiambia si kitu."

Mume alitabasamu kwa haya. Alisema alikuwa akiteremka polepole mahali penye mawe, gurudumu la mbele likakwama kati ya mawe mawili, usukani ukajipinda na ncha yake ikamdunga ubavuni, chini ya mbavu za kushoto. Hakuvunjika mfupa wala hakutoka damu. Alijipangusa vumbi, akamaliza mzunguko pamoja na wenzake, na Jumapili akaenda kanisani kama kawaida. Nilipomfunua shati niliona alama ya duara, buluu iliyoiva, ukubwa wake kama sarafu ya shilingi ishirini.

Msomaji aliye muuguzi amekwisha kung'amua. Bandama yake, ambayo wengine huiita wengu, ilikuwa imepasuka na damu ilikuwa ikivuja tumboni kidogo kidogo tangu Jumamosi. Damu inapojikusanya chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, huusumbua. Na kwa kuwa neva ya kiwambo hutoka shingoni jirani na zile za begani, ubongo hudanganyika ukadhani bega ndilo linalouma. Mtu mwenye bega zima linalouma baada ya kugongwa tumboni ni mtu wa kukimbizwa hospitali mara moja. Huyu alikimbizwa, akaongezwa damu, na usiku huo huo madaktari wa upasuaji wakamwondolea bandama. Alipona. Lau angelala nyumbani siku nyingine moja, sidhani ningekuwa nikiandika habari zake kwa namna hii.

Sisimulii kisa hiki ili kuwatisha watu waache mchezo. Nakisimulia kwa sababu wiki hiyo hiyo daktari mwenzangu, ambaye ninamheshimu sana, alinicheka akisema, "Si nilikuambia? Mtu akipita miaka arobaini, baiskeli amwachie mwanawe." Mimi naamini amekosea, na leo nataka kueleza kwa nini, bila kuficha kwamba upande wake nao una hoja.

Mchezo wa wageni?

Wapo wanaodhani kuendesha baiskeli katika vijia vya mawe na mizizi ni wazimu ulioletwa na Wazungu. Ni kweli kwamba mchezo wenyewe, jinsi unavyochezwa sasa, ulipata umbo lake huko California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walipokuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za magurudumu manene. Mbio zao maarufu, zilizoanza mwaka 1976, ziliitwa Repack kwa sababu breki ya nyuma ilipata moto kiasi cha kuunguza grisi yote, na kila baada ya kuteremka ilibidi grisi ijazwe upya. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1996, mchezo huo uliingia katika Michezo ya Olimpiki kule Atlanta.

Lakini mzee aliyeteremka miinuko ya Murang'a au ya Kisii na Black Mamba isiyo na gia, mtungi wa maziwa ukiwa umefungwa nyuma kwa mpira, kwenye njia iliyochimbwa na mvua, alikuwa akifanya nini? Alikuwa akifanya hayo hayo, ila yeye hakulipia kiingilio na hakuvaa suruali ya kubana. Na Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 akaja kushinda Tour de France mara nne, alianza kujifunzia kwa David Kinjah huko Kikuyu, katika vijia vya mashambani. Kwa hivyo tusijifanye wageni katika jambo hili.

Kilichobadilika ni mahali na mtu. Msitu wa Karura, ambao mwezi Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea, leo una waendeshaji baiskeli kila mwisho wa juma. Wengine huenda mbali zaidi, Kereita kule Lari, au Milima ya Ngong, ambako mawe ni makali na miteremko haina mzaha. Na mtu mwenyewe si mzee wa maziwa aliyekomaa mikono tangu utotoni. Ni karani, wakili, mwalimu, mhasibu. Mtu aliyekaa kitini siku tano, na siku ya sita anataka kuteremka genge.

Kwa nini simkatazi

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawajui. Mimi huwaona wakijua kwa mara ya kwanza wanapokuja na mdomo uliopinda na mkono usioinuka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na nikiwauliza wagonjwa wangu wa mjini, wengi hunihesabia dakika za kutembea kutoka kwenye maegesho hadi kwenye lifti.

Kijia cha msituni hukupa kile ambacho mashine ya kukimbilia ndani ya chumba haikupi. Ukipanda, moyo na mapafu hufanya kazi kwa nguvu. Ukifika juu, hupumzika kidogo. Kisha hupanda tena. Kupanda na kushuka huko kwa mpigo wa moyo ni zoezi zuri kwa mishipa ya damu na kwa sukari mwilini. Ukiteremka, mikono, mgongo na tumbo ndivyo vinavyobeba mzigo, jambo ambalo mkimbiaji wa barabarani halipati. Magoti hayapigwi kwa kishindo kama katika kukimbia. Na mawe yenyewe yana faida yake: huwezi kuvuka mawe huku ukiwaza deni la benki. Kwa saa moja akili inakuwa mahali pamoja na mwili. Nimewaona watu walioacha vidonge vya usingizi kwa ajili hiyo, ingawa sitadai kwamba kila mtu atapata bahati hiyo.

Ndiyo maana, msomaji wangu, nikiletewa mtu wa miaka 45 mwenye presha inayoanza na kitambi kinachokua, akaniambia ameanza kwenda msituni na baiskeli, simwambii aache. Namuuliza maswali ambayo mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

La kwanza ni kuhusu dawa anazomeza. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarin, akigonga kichwa hata kidogo, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu kwa saa nyingi bila dalili. Mtu huyo mimi humshauri abaki kwenye njia pana zisizo na mawe. Anayetumia atenolol na jamaa zake ajue kwamba moyo wake hautapanda mbio kama wa wenzake hata akijikaza vipi, na asishindane nao mlimani. Mwenye kisukari anayedunga insulini abebe sukari ya kumung'unya mfukoni, si ndani ya mkoba uliofungwa kwa zipu tatu, na wenzake wajue ipo wapi. Na aliyewahi kubanwa kifua akipanda ngazi asitie mguu kwenye pedali kabla hajapimwa moyo.

Wanaume huniuliza swali jingine, aghalabu wakiwa wameshika kitasa cha mlango tayari kuondoka. Wanataka kujua kama kiti cha baiskeli kinaua nguvu za kiume. Jibu langu ni kwamba ganzi katika sehemu hizo si jambo la kupuuza. Ni dalili kwamba neva na mishipa ya damu inabanwa. Shusha pua ya kiti kidogo, badilisha kiti kama ni chembamba mno, simama juu ya pedali mara kwa mara. Kwenye mawe utasimama hata bila kuambiwa. Ganzi ikiendelea baada ya kushuka, njoo tuzungumze, na safari hii ukae kitini tangu mwanzo.

Ncha ya usukani

Sasa nirudi kwa ile alama ya duara. Usukani wa baiskeli ni bomba. Ncha zake hufunikwa kwa mpira wa mshikio, na mwishoni huwekwa kizibo. Baiskeli ikianguka mara kadhaa, kizibo hutoka na mpira huchanika, bomba likabaki wazi kama kisu cha kukatia mandazi ya duara. Mtu akiliangukia, nguvu zote za mwili wake hukusanyika katika duara hilo dogo. Ngozi inaweza isichanike kabisa, lakini ini, bandama, kongosho au utumbo ukapasuka nyuma yake. Watoto ndio huumizwa zaidi kwa namna hii, kwa kuwa ukuta wa tumbo lao ni mwembamba. Na jambo la kuhadaa ni kwamba kasi huwa ndogo. Mtoto ameanguka uani, amelia, amenyamaza, na usiku anaanza kutapika.

Kizibo hicho hakigharimu pesa za kutajika. Hata kizibo cha chupa ya mvinyo kilichosukumwa ndani ya bomba kinatosha hadi upate kingine. Lakini niliwahi kwenda na binti yangu mahali fulani nje ya Nairobi panapokodishwa baiskeli za kuingia msituni, nikazipitia baiskeli tisa zilizopangwa ukutani. Saba hazikuwa na kizibo hata kimoja. Ile aliyopewa binti yangu, breki ya mbele ilikuwa ikivutwa hadi inagusa mshikio bila kushika gurudumu. Helmeti aliyovishwa ilikuwa ya mtu mzima, ikimwangukia machoni. Nilipolalamika, kijana aliyetuhudumia akanijibu kwa upole kwamba "hiyo ni ya mtoto tu, hataenda mbio." Simlaumu kijana. Hakuna aliyemfundisha. Namlaumu mwenye mali, na nawalaumu wanaotuuzia tiketi langoni. Anayekagua tiketi yupo. Anayekagua breki sijamwona.

Kuna jambo jingine kuhusu breki ambalo limewavunja watu wengi mitulinga. Katika baiskeli nyingi tulizozoea hapa, breki ya mbele iko mkono wa kulia. Katika baiskeli nyingi za mitumba zinazotoka bara Ulaya au Marekani, iko kushoto. Mtu akizoea ya kwake kisha akakodi nyingine, akifika kwenye mteremko anafinya kwa nguvu ile anayodhani ni ya nyuma, gurudumu la mbele linasimama ghafla, naye anaruka juu ya usukani kama aliyerushwa na ng'ombe. Kabla hujaondoka, finya kila breki peke yake ukiwa mahali pa tambarare, ujue ipi ni ipi. Ni kazi ya nusu dakika.

Namna ya kuteremka mawe yenyewe nitaiacha kwa walimu wa mchezo, ila nitasema machache ambayo yanahusu mifupa. Shusha kiti kabla ya kuteremka. Simama, pedali zote mbili zikiwa usawa mmoja, magoti na viwiko vimekunjwa kidogo, makalio yamesogezwa nyuma. Tazama unakotaka kwenda, usilitazame jiwe unaloliogopa, kwani macho yakiganda juu ya jiwe gurudumu nalo hulifuata. Na kama moyo unakuambia hapa hapapitiki, shuka usukume. Mzee wa maziwa alishuka akasukuma mara nyingi tu, na hakuna aliyemcheka.

Kosa langu

Mtu akianguka mbele, kitu cha kwanza anachotoa ni mkono. Kwa hiyo mikono na mabega ndivyo huumia zaidi katika mchezo huu. Mtulinga ukivunjika, kila mtu anauona: bega limelegea, mfupa umevimba, mwenyewe ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga. Wengi hupona kwa kufungwa kitambaa cha shingoni na kusubiri wiki sita au zaidi. Wa kuogopa ni ule unaosukuma ngozi kutoka ndani, au wenye mkono ulioingia ganzi au ubaridi, huo hausubiri.

Lakini upo mfupa mwingine, mdogo, wenye umbo la mashua, ulio kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Inua kidole gumba juu kama anayesimamisha matatu. Utaona kishimo kidogo chini yake, kati ya kano mbili. Mfupa huo umelala hapo. Damu yake huingilia upande wa mbele ikirudi nyuma, kwa hiyo ukivunjika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwangu kijana aliyeanguka kwenye mawe. Alikuwa mpiga gitaa katika bendi ya kanisa lao. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevimba kidogo tu. Nilimpiga picha ya eksirei, nikaitazama juu ya taa, sikuona ufa. Nikampa dawa ya maumivu na kumwambia ameteguka, atapona baada ya wiki mbili. Sikubonyeza kile kishimo kwa kidole changu. Ningebonyeza, angeruka. Na hata nisingebonyeza, nilifundishwa chuoni kwamba picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa wa mfupa huo; mgonjwa afungwe plasta, na picha irudiwe baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Nilijua hayo. Foleni ilikuwa ndefu, naye alikuwa mchangamfu, akisema haumii sana.

Alirudi baada ya miezi minane. Mfupa haukuwa umeunga. Alifanyiwa upasuaji, akachukuliwa kipande cha mfupa wa nyonga kuzibia pengo, akawekewa skrubu. Leo mkono wake unashika kikombe na kufungua mlango, lakini hauwezi kukunjika vya kutosha kufikia nyuzi za gitaa. Hajawahi kunilaumu. Amewahi hata kuniletea mgonjwa. Mimi ndiye ninayejilaumu, na tangu siku hiyo hakuna kifundo cha mkono kilichopita mbele yangu bila kubonyezwa hapo.

Nimeandika haya ili wewe msomaji, ukianguka na kukiona kishimo hicho kinauma, umwambie daktari wako waziwazi kwamba unaogopa mfupa huo. Hataudhika. Akiudhika, tafuta mwingine. Na tafadhali usimpelekee mtu wa kukukanda. Najua wapo wakandaji hodari, lakini ufa hauungi kwa kukandwa.

Kichwa na shingo

Kuhusu helmeti sina mjadala. Tafiti zilizokusanywa pamoja hadi mwaka 1999 zilionyesha kwamba waendeshaji baiskeli waliovaa helmeti walipungukiwa na majeraha ya kichwa na ubongo kwa kati ya asilimia 63 na 88, wakilinganishwa na wasiovaa. Ni dawa gani kabatini mwangu yenye nguvu kiasi hicho? Ila helmeti ni kitu cha ajali moja. Ile povu ngumu ya ndani huokoa ubongo kwa kubonyea, na ikishabonyea hairudi. Kwa sababu hiyo siwezi kukushauri ununue helmeti ya mtumba, iwe Gikomba au kwingineko, hata ingekuwa inang'aa kama mpya. Hujui iligonga nini huko ilikotoka. Nunua mitumba ya fulana na viatu, lakini pesa za helmeti zitafute. Ivae ikiwa imelala sawa juu ya paji, upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Helmeti iliyosukumwa kisogoni kama kofia ya mapambo haikingi kitu.

Aliyegonga kichwa akapoteza fahamu hata kwa sekunde chache, au akasahau ameanguka vipi, au akawa anauliza swali lile lile mara tatu, haendeshi tena siku hiyo. Wenzake wasimsikilize akisema yuko sawa. Ubongo uliotikisika ndio huo huo anaoutumia kujihukumu. Asiachwe peke yake kwa saa 24. Akianza kutapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia na kuwa mgumu kuamka, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipata kifafa, au maji meupe yakimtoka puani au masikioni, huo si usiku wa kungoja kukuche. Wapo wanaozungumza na kucheka baada ya ajali, kisha saa chache baadaye wakazima, kwa kuwa damu ilikuwa ikijikusanya chini ya fuvu.

Na hapa nitasema jambo litakalowaudhi vijana wa vikundi vyetu, ambao najua nia yao ni njema. Mtu ameanguka, analalamika shingo, au mikono na miguu inamwasha na kufa ganzi. Wenzake wanamnyanyua kwa makwapa, wanampakia kwenye boda boda katikati ya watu wawili, kichwa kikiyumba, wanateremka naye kilomita sita za mawe hadi barabarani. Kama mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika na uti wa mgongo bado mzima, safari hiyo inatosha kuukata. Mlaze palepale. Mmoja amshike kichwa kisigeuke. Mfunikeni kwa koti. Mwingine apande mahali penye mtandao, apige 999 au 112, na kama hakuna anayefika, atafute gari na ubao wa kumlazia. Ndiyo, mtangoja. Yafaa kikundi kijue kabla ya kuingia msituni ni lango lipi gari linaweza kupita, na ni hospitali ipi iliyo karibu yenye uwezo wa kupasua usiku. Nimewauliza wengi swali hilo. Wananitajia hospitali walizozaliwa.

Hata walio bora kuliko sisi huanguka. Froome mwenyewe mwaka 2019, akikagua njia kabla ya mashindano huko Ufaransa, aligonga ukuta akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Suleiman Kangangi, kijana wetu aliyekuwa nahodha wa wenzake, alifariki mwaka 2022 baada ya kuanguka katika mbio za barabara ya changarawe huko Vermont, Marekani. Ustadi hupunguza hatari, hauiondoi. Anayeanza jana na kuingia kijia kigumu kuliko vyote leo, kwa kuwa rafiki zake wamekipita, hana hata ustadi huo.

Katika jambo hilo tungeweza kuiga wenzetu. Nchini Uingereza vijia vya msituni hupewa rangi kulingana na ugumu wake: kijani kwa anayeanza, kisha buluu, kisha nyekundu, na nyeusi kwa wabobezi. Kibao kidogo cha rangi kwenye mti kingemwambia mhasibu wangu anaingia wapi. Hakihitaji mkutano wa wafadhili. Kinahitaji rangi, misumari, na mtu anayekijua kijia. Wanaosimamia misitu yetu na wanaokodisha baiskeli wangeweza kuimaliza kazi hiyo kwa mwisho wa juma mmoja, na siku hiyo hiyo wakaweka vizibo kwenye ncha za usukani.

Mhasibu mwenyewe alirudi kwangu wiki tano baada ya upasuaji, akiwa amepungua kilo nne na rangi imemrudia. Nilimweleza kwamba mtu asiye na bandama hupoteza mlinzi mmoja wa damu. Amedungwa chanjo za kumkinga na vijidudu vya nimonia na vya homa ya uti wa mgongo, na homa yoyote itakayompata, iwe saa nane za usiku, ni ya kwenda hospitali wakati huo huo bila kungoja. Malaria kwake ni hatari kuliko kwa jirani yake. Kwao ni Siaya, na Krismasi ilikuwa inakaribia, basi tulizungumza kirefu juu ya chandarua na vidonge vya kumeza kabla ya kusafiri. Mkewe aliandika kila kitu kwenye daftari.

Kisha akauliza lini anaweza kupanda baiskeli. Nikamwambia baada ya miezi mitatu, kama daktari wa upasuaji ataridhika na kovu, na aanze na njia pana za Karura. Alinyamaza akahesabu kwa vidole. Mkewe akanitazama kana kwamba nimemsaliti.

"Na kuiosha tu?" akauliza mume. "Kuiosha na kuitia vizibo?"

Nikamwambia hilo anaweza kulifanya hata jioni ile.